Mjukuu Wangu Mwanasoka Ataka Nimwandikie Radhi ya Kosa la Jumapili Ijayo

Mpendwa mshauri, binti yangu,

Baada ya salamu na kukutakia afya wewe na wote walio wako, naomba msaada wako katika jambo lililonishinda, nami si mtu wa kushindwa haraka, kwani nimefundisha watoto dini kwa miaka arobaini na mmoja, katika chumba kimoja chenye mikeka minne na ubao uliopasuka pembeni, na katika miaka hiyo nimesuluhisha wake na waume, nimepatanisha ndugu waliogombea ukuta wa ua, nimekaa na wafiwa mpaka wakaweza kula tena, lakini mjukuu wangu mmoja, mtoto wa binti yangu, amenifikisha mahali ambapo simu ikilia natamani kujifanya sipo.

Mjukuu wangu ni mcheza mpira, na si mcheza mpira wa kubahatisha, bali ni yule ambaye picha yake imebandikwa kwenye mabango akiwa ameshika chupa ya soda ambayo najua haipendi, na mashabiki wanamwita Umeme, na watu wazima wenye ndevu huvaa fulana yenye namba yake. Mimi ndiye niliyemlea. Alisoma kwangu, alihifadhi upesi kuliko wenzake, na mpaka leo akisoma kitu kwa sauti utasikia anasimama pale pa kusimama na kuvuta pale pa kuvuta, jambo ambalo nilikuwa nikijivunia, na sasa utaona limenigeukiaje.

Misimu miwili iliyopita alikasirishwa na mshika kibendera, akavua fulana yake, akaitupa miguuni pa mtu yule na kumtolea maneno ambayo sitayaandika. Klabu ikamtaka aombe radhi. Afisa habari wa klabu, kijana mwenye simu mbili, akamwandalia mstari mmoja, na mjukuu akanipigia kunisomea ili nifurahi: "Kama kuna yeyote aliyekwazika, samahani." Nikamwambia, "Huko si kuomba radhi, mwanangu, huko ni kumlaumu mtu kwa kukwazika kwake." Akasema, "Basi niandikie wewe, Babu, si ndiyo kazi yako?" Nami nikaona ni kazi yangu kweli, kwa sababu nimefundisha masharti ya toba tangu wewe hujazaliwa, ya kwamba mtu aliache kosa, alijutie, na aazimie kutolirudia, nikakaa nikamwandikia nusu ukurasa, na nikamwekea alama za vituo kwa wino mwekundu kama nilivyokuwa nikimwekea alipokuwa na miaka saba.

Aliusoma siku ya Jumatatu mbele ya kamera, na waandishi wa habari wote wakanyamaza. Gazeti moja liliandika kwamba huyu ni nyota mwenye adabu za wazee. Nilikikata kipande kile nikakiweka ndani ya bahasha, kwa kumbukumbu tu.

Nilidhani yamekwisha. Baada ya miezi mitatu akaanguka ndani ya eneo la hatari bila kuguswa na mtu, na picha zilipopunguzwa kasi zilionyesha nafasi ya mkono mzima baina ya mguu wake na mguu wa beki, akapewa penati, akafunga, kisha akasimama mbele ya vipaza sauti akasema, "Penati hii nimepewa na Mungu." Niliinuka nikaenda kuizima televisheni kwa kidole, nikiwa nimesahau kuwa rimoti ilikuwa mapajani mwangu na sasa imeanguka sakafuni. Nilimwandikia tamko la pili, nami nikahakikisha sentensi ya kwanza inamwondolea Mwenyezi Mungu lawama hiyo.

La tatu lilikuwa la mwandishi wa habari, mwanamke, aliyemuuliza kwa upole kwa nini hakupeana mikono na wapinzani baada ya kufungwa, naye akausukuma mkono wake wenye kipaza sauti na kumwambia, "Dada, nenda kaulize bei ya nyanya," akatoka, na ukumbi mzima ukacheka. Nikaandika kuhusu heshima kwa kazi ya habari. Siku ya kulisoma, pembeni mwa aya ya pili nilikuwa nimemwandikia maelekezo, kama nilivyozoea, naye bila kufikiri akayasoma pamoja na mengine, kwa sauti nzito na mbele ya nchi nzima: "Hapa tulia kidogo." Waandishi walidhani wanaambiwa wao. Wakatulia. Siku ya pili wachambuzi wa redio walisifu ujasiri wake wa kuwatuliza.

Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka, na nilipata sababu zaidi ya kutocheka wiki iliyofuata, pale mwanafunzi wangu mmoja wa chuoni alipompiga mwenziwe kwa mkoba, nikamwita mbele aombe radhi, naye akasimama, akakunja mikono nyuma, akalisoma tamko la pili la mjukuu wangu lote kwa moyo na vituo vyake, pale palipoandikwa "uwanjani" akitia "mkekani", kisha akarudi kukaa bila hata kumtazama mwenziwe, ambaye bado alikuwa ameshika sikio.

Sasa nifike kwenye la nne, ambalo ndilo linalonikereketa. Timu yao ilitoka sare, bao lao moja likakataliwa, na kipenga kilipolia mjukuu wangu akaifuata kamera, akainua mkono wake wa kulia, akasugua kidole gumba kwenye ncha za vidole vingine, namna ile ambayo kila mtu anaielewa, akasema, "Refa amekula. Muulizeni amekula wapi." Picha za marudio zilionyesha kuwa lile bao lilikuwa la mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wake yeye. Kamati ya nidhamu ikadai tamko. Nikaandika ukurasa mzima, kuhusu hasira na udhaifu wa mwanadamu, kuhusu utukufu wa mchezo, kuhusu kijana aliyelelewa vizuri akateleza, na nakuambia kweli kwamba lilikuwa bora kuliko yote yaliyotangulia, na kamati ikampa onyo tu, na mwenyekiti wake akasema ni mfano wa kuigwa.

Refa huyo, binti yangu, ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi isiyo mbali na kwetu, na utotoni alipita katika mikeka yangu. Siku kumi baada ya tamko nilikwenda duka la fotokopi kutoa nakala za masomo ya chuo, nikamkuta anatoa nakala za mtihani. Nje walikuwepo wanafunzi wake wawili watatu, na alipogeuka kuwaambia waende nyumbani, wakamsugulia vidole na kukimbia huku wakicheka. Yeye akageuka tena akaendelea kupanga karatasi zake, akizigongagonga mezani ziwe sawa, ingawa zilikuwa sawa tayari. Mwenye duka, ambaye hakai na neno, akanieleza mbele yake kwamba wazazi wamelalamika, na kwamba siku hizi karatasi anazosahihisha mwalimu huyu lazima zipitiwe na mwalimu mwingine.

Mwalimu akanisalimu, "Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Tunashukuru." Kisha akasema, kwa adabu ileile aliyokuwa nayo alipokuwa mtoto, "Lile tamko la mjukuu wako nililisoma, mwalimu. Maneno mazuri sana. Nilijitafuta ndani yake, sikujiona."

Nilimwambia nina haraka, nikazichukua nakala zangu, na nilipofika nyumbani nikagundua kuwa nusu nimeziacha kule.

Jumanne hii mjukuu amekuja nyumbani mwenyewe, na afisa habari nyuma yake. Nayanukuu mazungumzo kama yalivyokuwa, ili usije ukadhani natia chumvi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mbona mapema hivi? Mechi si Jumapili?"

"Ndiyo maana nimewahi. Nataka uniandikie tamko."

"Umefanya nini tena?"

"Bado, Babu."

"Bado nini?"

"Bado sijafanya. Lakini refa wa Jumapili ni yuleyule, na mimi najijua nikipandwa. Sasa kamati imesema nikikosa tena, tamko likichelewa siku moja tu, nafungiwa msimu mzima, na wewe huwa unachukua siku mbili. Kwa hiyo niandikie kabisa, pale pa kosa uache nafasi, sisi tutajaza."

Nilimtazama afisa habari, nikitaraji kwamba hata yeye ataona haya. Akasema, "Mzee, sisi kazini tunaita kujipanga."

Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na siku hiyo alikuwa anapinda sare za shule pembeni ya dirisha, akasimamisha mguu kwenye pedali. "Mimi nguo ya mtu siikati kabla sijampima," akasema. "Huyu anashonewa radhi na kosa lenyewe bado halijazaliwa. Litavaa saizi gani?"

"Bibi naye!" akacheka mjukuu.

"Usinicheke. Nimekuuliza saizi."

"Kubwa tu, Bibi. Ikipwaya tutapunguza."

Wakacheka wote watatu, na nakiri kwamba mimi nami midomo ilinicheza. Kisha nikasema nitatazama. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana.

Na aibu kubwa ni hii ambayo nakuandikia wewe peke yako: asubuhi iliyofuata, baada ya sala, nilichukua karatasi ili nijaribu tu kuona kama jambo la namna hii linawezekana, na sentensi ya kwanza ilikuja yenyewe, na ilikuwa nzuri.

Nikiandika, naona nafanya kitu ambacho sijui hata kina jina gani mbele ya Mola wangu. Nisipoandika, mjukuu wangu ana miaka ishirini na sita, na miaka ya mguu wa mcheza mpira si mingi, atafungiwa msimu mzima, na mama yake, ambaye hana furaha nyingine duniani ila kumwona uwanjani, atasema ni baba yake mzazi aliyemfungia mwanawe. Nimechoka na huyu mtoto, nimechoka na kamati, nimechoka na kijana wa simu mbili. Niandike, au nisiandike?

Ni mimi, 
Babu wa Wino Mwekundu

*

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako niliisoma asubuhi nikaipitisha kwa wenzangu, na meza nzima ilicheka ilipofika kwenye "Hapa tulia kidogo," kwa maana siku ile sote tulikuwa tunatazama, na mimi ni mmoja wa waliosifu ujasiri. Kumbe tulikuwa tunasifu pambizo la daftari lako. Kisha wakaondoka, nikaisoma tena peke yangu, na mara hii sikuona kitu cha kuchekesha.

Kwanza nikupe pole, na naitoa kwa moyo. Umelea mtoto mwenye kipaji, ukampa kusoma, ukampa adabu ya kusalimu, kisha dunia ikamchukua ikamweka juu ya bango, na watu wazima wenye ndevu wakamwambia kwamba hakosei. Mzigo huo hukuufunga peke yako. Klabu inayomtuma mwajiriwa wake kwenda kwa mzee kuagiza majuto kama inavyoagiza jezi ingekuwa na haya, nayo haina. Na kamati inayosoma ukurasa mzima wa radhi bila kuuliza aliyetukanwa anasemaje, hiyo si ya nidhamu, hiyo ni ya kusahihisha insha.

Lakini wewe ndiye uliyeniandikia, kwa hiyo wewe ndiye nitakayekusema, na utanivumilia kama unavyowavumilia wanafunzi wako wa chuo wakiwa na haki.

Swali lako ni dogo, mzee wangu, na jibu lake ni fupi. Usiandike. Hiyo sentensi ya kwanza iliyokuja yenyewe, ichane leo, hata kama ni nzuri. Ichane hasa kwa kuwa ni nzuri. Mtu anayesema Jumanne kwamba Jumapili atapandwa na hasira, huyo hana hasira. Ana ratiba. Na wewe umekaa naye chumba kimoja, ukasikia ratiba hiyo, ukajua jina la mtu atakayeumizwa na saa ya kuumizwa, ukasema utatazama. Utatazama nini? Hapo palitaka hapana, na hapana haihitaji siku mbili wala wino mwekundu. Mkeo aliisema kabla yako, tena mguu ukiwa bado kwenye pedali.

Sasa nije kwenye kubwa zaidi. Umeniandikia masharti ya toba: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia. Mimi si msomi wa dini, nilikaa mkekani miaka sita tu, lakini mwalimu wangu alikuwa akituhesabia kwa vidole, na kila kosa lilipomgusa mtu mwingine alikuwa hakubali tuishie cha tatu. Alikuwa anakishika kidole cha nne, anakibana mpaka kinauma, na kusema: haki ya mja. Ulichomchukulia mwenzako ukirudishe. Kama ni mali, mali. Kama ni heshima, heshima, na palepale ulipoivunjia. Mwenyezi Mungu husamehe haki yake, lakini ya jirani yako amemwachia jirani yako.

Wewe haya unayajua kuliko mimi. Umeyafundisha miaka arobaini na mmoja. Basi nikuulize, na usinijibu mimi: ilikuwaje katika barua hii ukahesabu matatu? Sidhani umesahau. Nadhani kwa misimu miwili umekuwa ukiandika radhi ambazo cha nne hakimo, na mkono umezoea.

Yapange mbele yako hayo matamko manne. Mshika kibendera alitupiwa fulana, ukaandika juu ya majuto. Beki alisingiziwa kosa, akaonekana mchafu mbele ya watu, nawe ukashughulika kumwondolea lawama Mwenyezi Mungu, ambaye hakuwa na haja ya wakili, ukamwacha beki na lawama zake. Yule mwandishi aliyetumwa kuuliza bei ya nyanya anakaa meza ya tatu kutoka hapa nilipo. Tangu siku ile hatumwi tena katika uwanja ule, mhariri humtuma mwanamume, "kuepusha maneno." Wewe uliandika juu ya heshima kwa kazi ya habari. Kazi ya habari haikusukumwa mkono, alisukumwa yeye. Na mwanafunzi wako aliyelikariri tamko la pili mbele ya mwenziwe aliyeshika sikio, yule hakukukejeli, mzee wangu. Alikufuata. Alifanya kama ulivyomwonyesha: akasema vizuri, akakaa.

Nakuomba usikasirike nikikuambia kwamba ulipenda. Ile bahasha ya vipande vya magazeti si ya kumbukumbu. Umefundisha maisha yako yote katika chumba kimoja, kisha ghafla maneno yako yakawa yanasomwa mbele ya nchi nzima na watu wakanyamaza kusikiliza. Nani asingependa? Mimi ninayeandika hapa kila Ijumaa najua ladha yake. Ila utamu huo ulilipwa na mwalimu wa hesabu, ambaye leo hata alama ya vema anayoitia kwenye daftari la mtoto lazima ikaguliwe na mwingine. Alikupa nafasi pale dukani. Hakukupigia kelele, hakukutaja kwa watu. Alikuambia alijitafuta ndani ya tamko asijione. Kwa adabu uliyomfundisha wewe, alikuambia haki yake iko wapi. Na wewe ukawa na haraka.

Basi fanya hivi. Gazeti linatoka leo Ijumaa, mechi ni Jumapili, muda upo.

Mwite mjukuu wako leo, aje peke yake. Akija na kijana wa simu mbili, huyo mkeo ampe kiti nje. Mwambie hakuna tamko la Jumapili, na halitakuwepo lingine maishani mwake kutoka mkononi mwako. Usimhubirie, amesikia mahubiri yako mengi, na mengine ameyasoma mwenyewe kwenye televisheni. Mwambie tu ulichokiona duka la fotokopi, kuanzia vidole vya watoto mpaka karatasi zile zilizogongwagongwa mezani. Kisha nyamaza. Hapa ndipo pa kutulia kidogo.

Atakuambia watamfungia. Mjibu kwamba kamati haimfungii mtu kwa kukosa mwandishi, inamfungia kwa kukosa, na njia ya kutofungiwa iko miguuni mwake: asikose. Kama kweli anajijua kuwa hawezi kumwona refa huyo bila kupandwa, amwambie kocha leo hii ampumzishe Jumapili. Kocha atafoka, mashabiki watapiga kelele, na binti yako atalia. Mwache alie. Mwambie ukweli wote, na kwamba afadhali mwanawe akae benchi siku moja kwa hiari yake kuliko kuwa mtu ambaye radhi yake ina nafasi ya kujaza. Mama anayempenda mwanawe ataelewa, ikiwa si leo, basi mwaka ujao.

Na kuna maneno anayodaiwa, ambayo wewe usiyaguse hata kwa koma. Alisema mbele ya kamera, "Refa amekula." Atasimama mbele ya kamera hizohizo, kabla mpira haujaanza, aseme kwamba refa hakula, kwamba bao lile aliligusa kwa mkono na alijua, na kwamba alisema uongo juu ya mtu mwaminifu. Agugumize akitaka. Akosee vituo vyote. Watoto wa shule ile hawakuliona tamko lako, mzee, waliuona mkono wake, na mkono huohuo ndio utakaowafundisha vinginevyo: kipenga cha mwanzo kisipigwe kabla hajautoa kumpa mwalimu wao, peupe, nao wakiangalia. Kama ana nafasi baada ya mechi, yuko dada mmoja mwenye kipaza sauti ambaye swali lake halijajibiwa bado. Nitamwomba mhariri amtume.

Akikataa yote haya, utakuwa umefanya la kwako, naye ni mtu mzima na atavuna peke yake. Lakini kuna moja ambalo halimngoji yeye. Kesho Jumamosi asubuhi, nenda kwa mwalimu wa hesabu. Akikubali mjukuu mwende pamoja, heri. Akikataa, nenda. Yeye huenda anadhani maneno yale yasiyomtaja yaliandikwa na klabu au na kijana asiyemjua. Mwambie ni nani aliyeyaandika. Mwambie ulimwona siku ile dukani na ulimsikia. Na kama atataka, umfuate Jumatatu shuleni kwake, useme mbele ya mwalimu mkuu kwamba aliyemsingizia ni wa nyumbani kwako, na kwamba ni uongo. Wewe ni mzee unayeheshimiwa mtaani. Wazazi waliolalamika wengi wao wamekaa mikekani mwako. Heshima hiyo umeikusanya miaka arobaini na mmoja. Sasa umepata pa kuitumia.

Najua utakachotaka kufanya leo jioni. Utataka kukaa na karatasi upange utakayomwambia. Usipange. Kalamu iache nyumbani, miwani ya kusomea iache nyumbani, bahasha iache kwa mkeo, yeye atajua la kuifanya. Ukifika, bisha hodi kama mtu mwingine yeyote. Na mwalimu akifungua mlango, akiona ni wewe, akajiandaa kusikiliza tena maneno mazuri, mwonyeshe mikono yako yote miwili, aone haina karatasi, ndipo uanze.